Ukuta Uliojaa Vema

Tarehe 2 Aprili

Kwa shemeji yangu Timazi,

Salamu nimezifupisha, maana karatasi ni hii moja na herufi zangu zinapenda nafasi. Mimi mzima. Nyumba nzima. Ukuta mzima. Ungekuwa mtu wa kuamini haraka ningeishia hapa nikatia sahihi, lakini wewe ni Timazi, fundi ambaye hata akiletewa chai hukitazama kikombe kwanza kama kimesimama wima.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la pili kwa hiari yangu, niliona mwalimu hana jipya. Ningekupigia simu, lakini masikio yako yameliwa na mashine ya kukatia vigae, mara ya mwisho nilikwambia nina homa ukanijibu hongera.

Shauri lenyewe ni dada yako. Amekwenda kukaa kwa binti yetu mshonaji. Sikusema amenikimbia. Amekwenda kumsaidia kushona vifungo, na vifungo ni vingi. Ila kabla ya kuondoka aliacha maneno. Anadai ule ukuta wa chumbani unaopigwa na mvua plasta yake ya nje imekwisha, maji yanapenya mpaka kitandani, na ndiyo sababu mvua zikianza tu naye anaanza kukohoa. Anataka ibanduliwe yote ipigwe nyingine. Akasimama mlangoni na begi lake, akasema, "Baba Watoto, chagua. Mimi au plasta."

Shemeji, plasta ile unaijua. Niliipiga mwenyewe kabla ya harusi, wewe ukiwa umekaa juu ya ndoo unanicheka, ukisema dada yako hawezi kuolewa na mtu anayeshika mwiko kama anakoroga uji. Nikaimaliza, na dada yako akaolewa. Watu walikuwa wakipita wanaupapasa ukuta ule kama ng'ombe wa mnadani. Tangu siku hiyo ni mwiko kwa mwiko wa mtu mwingine kuugusa.

Sasa nakuomba jambo dogo. Kwenye mambo ya kuta dada yako hamwamini mtu ila wewe. Mwandikie mstari mmoja tu: ukuta mzima, rudi. Si kwamba nateseka. Simu amezima, anasema akitaka kusikia mtu akijisifu atafungua redio, lakini sijali. Napika vizuri kuliko wengi. Juzi wali wangu ulishikana sana hata ukatoka na umbo la sufuria, mpaka kovu la pembeni lilionekana. Namwonea huruma yeye tu.

Wako asiyetetereka,
Zege


Tarehe 11 Aprili

Shemeji Zege,

Barua imefika. Nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimeishika juu chini, na nilipoigeuza sikuona tofauti kubwa.

Dada yangu siwezi kumwandikia kwamba ukuta ni mzima wakati sijauona kitambo. Ukimsingizia mtu uongo atakusamehe. Ukiusingizia ukuta utakuangukia. Lakini wewe uko nao hapo, kwa hiyo upime, nami nitamwandikia kile utakachonionyesha.

Ukuta haufi ghafla kama balbu, hutanguliza salamu. Nyufa nyembamba kama unywele si neno, hata mimi na wewe tunazo usoni. Ufa unaoingia ukucha, au ule unaoanzia pembe ya dirisha ukashuka kama ngazi, huo una la kusema. Angalia kama chini ya dirisha pana doa linalobaki hata jua likiwaka siku nzima. Papasa kwa kiganja: kikirudi cheupe, plasta inasagika. Halafu bandika shavu lako ukutani utazame kwa upande. Ukiona pamevimba kama shavu la mwenye jino bovu, hapo plasta na tofali wameshaachana, wanakaa nyumba moja kwa aibu ya majirani tu.

Mwisho gonga. Tumia mpini wa bisibisi. Mahali pazima pataitika kwa kifupi, kama mtu aliyeshiba. Palipoachana pataitika kama mtungi mtupu. Chukua chaki. Palipo pazima weka alama ya vema, palipolia mtungi weka mkasi, ile alama ya kosa. Pakiwa pabovu padogo, pa kiganja, tutaziba. Pakiwa pengi hatuzibi, hiyo ni sawa na kutia kiraka kwenye nguo iliyooza. Tunabandua yote.

Mimi ningekuja kugonga, lakini kwa masikio haya ukuta na godoro kwangu ni sauti moja. Namtuma fundi mwenzangu, mama mmoja tunamwita Mama Ngazi, ana kazi upande wenu. Atasoma alama zako aniandikie. Mpe chai. Na masikio ni yako safari hii, shemeji, usiyatie chumvi.

Timazi


Tarehe 20 Aprili

Shemeji Timazi,

Nimepima ukuta kama hakuna aliyewahi kupima ukuta.

Nyufa zipo, sikatai, kitu chochote chenye heshima kina mikunjo. Mmoja unaingia ukucha, lakini ukucha wangu ni mwembamba kwa asili. Unashuka kutoka dirishani, kama ngazi au si kama ngazi, inategemea umesimama wapi. Doa lipo na lina umbo zuri. Kiganja kilirudi cheupe, nikanawa, yakaisha. Kuvimba umevimba kidogo, hata tumbo langu limevimba na hakuna aliyekuja kunibomoa.

Kugonga nimegonga kutwa, kuanzia kona ya bomba mpaka nyuma ya pipa la maji. Jirani alikuja kuniuliza kama nimejifungia funguo ndani. Nikamwambia nasikiliza. Akaondoka polepole bila kunipa mgongo.

Alama nimeweka kila mahali zinapotakiwa, mpaka chaki ikaisha. Usiniulize zaidi, huyo mama aje aone mwenyewe.

Dada yako usimwambie, lakini nyumba hii siku hizi ina makelele. Friji inanung'unika, mlango wa jikoni unajisemea wenyewe. Zamani hivi vyote vilikuwa kimya, au labda kulikuwa na mtu anaongea juu yake.

Zege


Tarehe 29 Aprili

Kaka Timazi,

Kwa shemeji yako nimefika. Kiti alinipa, chai alinipa, ukuta hakunipa. Nilipotoa bisibisi yangu alisimama mbele ya ukuta kama kipa anayesubiri penalti. Nikamwambia haya, nitasoma alama tu.

Nimesoma. Vema juu, vema chini, vema mpaka nyuma ya pipa. Nilikuwa nazitaja kwa sauti huku nikitembea. Mkasi sikuona hata wa dawa. Kuna sehemu hakuweka kitu kabisa, nadhani chaki ilimwishia. Kwa macho yangu ukuta ule una uvimbe, lakini uliniambia niamini alama, na nilipomwuliza kama kweli aligonga mwenyewe, akanionyesha vidole. Vilikuwa vimevimba kuliko ukuta.

Nimeandika: hakuna kazi. Alinisindikiza mpaka barabarani bila kusema neno. Nyinyi mliniambia ni msemaji.

Mama Ngazi


Tarehe 6 Mei

Shemeji Zege,

Leo nakuandikia kwa adabu, itunze barua hii maana hutapata nyingine. Mama Ngazi ameniletea habari. Vema tupu! Nilijua nitakuta mkasi juu ya mkasi, nikajiandaa kukucheka mwaka mzima, na sasa nimebaki na vicheko vyangu mkononi kama mtu aliyeleta zawadi kwenye harusi iliyoahirishwa.

Yale ya ndoo nayafuta. Dada nimeshamwandikia kama ulivyotaka: ukuta mzima, rudi.

Timazi


Tarehe 10 Mei

Baba Watoto,

Kaka ameniandikia kuhusu ukuta. Basi nilikuwa nakulaumu bure. Nimekaa nikafikiri labda kikohozi ni changu mwenyewe, umri nao una mambo yake. Huku kwa binti sijakohoa, lakini yeye anasema ni kwa sababu sina muda, vifungo kweli ni vingi.

Maneno niliyokwambia mlangoni nisamehe. Nitarudi Jumamosi ijayo. Kitanda usihangaike kukisogeza, nitalala upande wangu uleule wa ukutani, nimeshauzoea.

Mama Watoto


Tarehe 13 Mei

Mama Watoto,

Jumamosi usije. Mimi mzima. Usiulize. Vifungo vikiisha shona mifuko.

Zege


Tarehe 16 Mei

Baba Watoto,

Barua yako nimeisoma. Nikampa binti asome naye, nikidhani macho yangu yamenidanganya. Yamesoma sawasawa.

Mke anaomba radhi ambayo hakupaswa kuomba, anafunga begi, kisha anaambiwa akashone mifuko. Sawa. Kama kuna mtu anakupikia humo ndani, mwambie sufuria kubwa hushika chini, na kabati la vyombo halifunguki mpaka ulipige teke. Mimi ilinichukua muda kujifunza, yeye nampa bure.

Nitakuja siku nitakayoona inanifaa, na sitapiga hodi.

Mama wa watoto wako


Tarehe 19 Mei

Shemeji,

Njoo. Njoo na mwiko.

Nikueleze yote kabla mkono haujaghairi. Wewe ulisema palipolia mtungi niweke mkasi. Nilisimama mbele ya ukuta na chaki yangu, nikagonga, ukalia mtungi. Nikainua mkono, mkono ukagoma. Mwalimu yule wa darasa la pili alikuwa akinichorea mikasi mpaka daftari likawa kama uzio wa miba. Ukuta huu ndio kazi yangu pekee ambayo hakuna mtu aliyewahi kuichora mkasi, leo niuchore mimi? Nikasema anayejua maana ya alama ni mimi, basi palipolia mtungi nitaweka vema, na palipo pazima sitaweka kitu. Shemeji, pale pasipo na kitu palikuwa padogo sana. Mkeka ungepafunika.

Mama Ngazi alipokuja nilikusudia kumwambia. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha akaanza kutembea akisema vema, vema, vema, kwa sauti, na majirani wanasikia. Sijawahi kusikia wimbo mzuri namna ile. Nikafunga mdomo.

Halafu dada yako akaniandikia kwamba anakuja kulala upande wa ukutani. Na ameomba msamaha. Amesema eti kikohozi ni chake. Nilijaribu kuufurahia ushindi, nikavaa hata shati jipya, nikakaa nao barazani. Haukukalika.

Nikachukua nyundo. Pigo la kwanza likatoa bamba kubwa kama mlango, likakaa chini zima bila kupasuka, hiyo ndiyo simenti yangu! Shida ni kwamba lilikuwa halijashika kitu. Tofali za nyuma zimelowa kama sponji, unabonyeza kwa kidole maji yanatoka. Plasta ile ilikuwa haishikiliwi na ukuta, iliyokuwa ikiishikilia ni sifa zangu. Nimebandua yote, upande mzima, hakuna mzee mwingine mtaa huu angeweza. Sasa mkono wa kulia haupandi kupita bega, ndiyo maana unaona mistari inateremka.

Dada yako naye nilimwandikia asije, ukuta ukiwa uchi na chumba kina matope. Sikumweleza sababu. Sasa anadhani nimeoa. Mwandikie wewe, unajua maneno.

Zege


Tarehe 22 Mei

Shemeji Zege,

Nimecheka mpaka mke wangu akaja kutazama kama nalia. Halafu nikasoma pale pa dada, kicheko kikaisha. Umenifanya nimwambie dada yangu uongo kwa hati yangu mwenyewe, akalale ubavuni mwa ukuta wa maji. Hilo nitakukumbusha kila nikipanda ngazi na kila nikishuka.

Nakuja. Lakini sikiliza. Usipige kitu juu ya tofali hizo kwa sasa, hata ukiota ndoto nzuri namna gani. Fungua madirisha, uache ukuta ukauke, upepo ukae nao. Ukifunika maji yakiwa ndani utakuwa umeyafungia kama mgeni, na mgeni aliyefungiwa huvunja.

Na simenti yako usiisifie tena. Kosa lako lilikuwa hilo hilo: uliitia nyingi mno kwa sababu mimi nilikucheka. Plasta ikiwa ngumu kuliko ukuta, ukuta ukisogea kidogo tu yenyewe hupasuka, maji yanaingia kwenye ufa halafu hayana pa kutokea. Hapo hata mimi na ndoo yangu tumo kwenye kesi. Tutapiga nyepesi, yenye chokaa, kwa tabaka, na chini ya dirisha tutaweka mkingo wa kumwaga maji nje.

Lakini barua ya dada utaandika wewe. Mimi nikimwandikia, atajua ukuta mbovu. Wewe ukimwandikia, atajua na lingine.

Timazi


Tarehe 27 Mei

Mama Watoto,

Karatasi hii ni ya nne, tatu nimewashia jiko.

Ukuta ni mbovu. Ulisema kweli tangu mwanzo. Kaka yako hakukudanganya, mimi ndiye niliyemdanganya kwa alama. Kikohozi si chako, ni cha ukuta, na ukuta ni wangu.

Hakuna anayepika humu. Naungua vidole peke yangu. Kabati nimelipiga teke upande usio wake, mlango umetoka.

Nilikukataza kuja kwa sababu nimebandua plasta yote na chumba hakilaliki. Kaka yako anakuja. Nimemruhusu aweke mwiko wake ukutani. Sijui kama unaelewa nimeruhusu nini.

Ukuta ukikauka nitakuandikia uje. Ukipenda.

Mume wako


Tarehe 14 Julai

Shemeji Timazi,

Natumai ulifika salama na mgongo umenyooka. Uliacha kofia yako. Naivaa nikimwagilia maua, inanikaa vizuri kuliko wewe.

Ukuta hajambo. Nilikuwa naugonga kila asubuhi mpaka dada yako akanifichia bisibisi. Unaitika kwa kifupi, kama ulivyosema. Watu wameanza tena kupita wakiupapasa. Nawaambia fundi ni shemeji yangu, ila msimamizi wa kazi nilikuwa mimi. Kama unasema nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, basi ndivyo msimamizi hukaa. Mama Ngazi naye alipita, akaubandika shavu, akautazama kwa upande, akaniuliza safari hii alama ziko wapi. Nikamwambia safari hii agonge mwenyewe. Akagonga mpaka akaridhika, na chai akanywa vikombe viwili.

Dada yako alirudi bila kungoja barua, na kweli hakupiga hodi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria zote, akatazama nyuma ya mlango, hakukuta mtu. Akakagua tena kwa uhakika. Kisha akaja nje akaupapasa ukuta kutoka kona mpaka kona, taratibu, mimi nikiwa nyuma yake nimebeba begi. Nikajiandaa kwa maneno. Nilikuwa nimepanga majibu ya kila aina. Akasema tu, "Kaka amefanya kazi nzuri. Nawe umefanya." Shemeji, majibu yangu yote yaliharibika, hakuna hata moja lililofaa.

Jana baada ya chakula cha mchana mvua ilishuka, ile ya kuja kwa ubavu inayotafuta ukuta wetu makusudi. Dada yako alikuwa amejilaza upande wake. Mimi nilikaa kitini nikisubiri akohoe. Unajua sauti uliyoizoea ikichelewa, mwili mzima hukaa mkao wa kuipokea, kama mtu aliyeinua mguu akidhani bado kuna ngazi. Nikasubiri. Haikuja. Kimya kikazidi mpaka kikanitia wasiwasi, nikainuka nikamwekea mkono karibu na pua nione kama anapumua.

Akafungua jicho moja, akaniuliza kama na yeye namgonga.

Nikamwambia nilikuwa nafukuza nzi. Akageuka akaendelea kulala. Nami nikarudi kitini, nikakaa nikiisikiliza mvua ikijipiga, ikijipiga, huko huko nje.

Zege